Mkate Uliopigwa Pasi

Kwenye duka la dobi walimwita Mvuke, na pasi haikuhusika hata kidogo. Walimwita hivyo kwa sababu akili yake ilikuwa ikipanda taratibu kutoka kwenye kazi, inapita dirishani, inatoweka. Akishika shati jeupe alianza kumwaza mwenye shati. Labda ana mkutano. Labda anakwenda kuposa, na posa itakataliwa, na shati litarudi lina doa la chakula alichokula peke yake. Mvuke anafika mbali huko, na pasi imetulia palepale kwenye kola.

Siku hizo kaunta ilikuwa na msichana wa kupokea nguo, mkavu wa maneno, asiyependa kuinua kichwa. Bila kugeuka, kwa harufu tu, alikuwa akisema: "Unaunguza." Hasemi zaidi. Mvuke anashtuka, anainua pasi, shati linapona. Suruali moja ya bwana harusi haikupona, maana siku hiyo msichana alikuwa mgonjwa, na mwenye duka alimfokea Mvuke hadi mishipa ikamtoka shingoni. Mvuke akaona heri amwoe yule msichana kuliko kufukuzwa kazi. Ndivyo alivyopenda kuieleza ndoa yake, na mkewe hakuwahi kumkanusha.

Sasa wamezeeka wote, dukani waliondoka zamani, na mkewe amelala chumbani ameelekea ukutani. Homa ya mapafu ilimlaza hospitali, ikamwachia, akarudi nyumbani, lakini hamu ya kula haikurudi naye, wala maneno. Uji aliugusa kwa ncha ya kijiko. Supu ilipoa ikaota utando. Ukimwuliza kitu alifumba macho. Daktari alisema dawa imeshafanya kazi yake, kilichobaki ni chakula. Na jana binti yao, aliyeolewa mji wa mbali, alipiga simu.

"Baba, kesho jioni nakuja kumchukua mama. Hapo atakufia."

"Nampikia, mwanangu."

"Baba, wewe hata chai inakushinda."

Hakusema uongo. Mvuke aliiweka simu mezani, akakaa. Yeye aliyeota kila kitu, nyumba isiyo na mkewe hakuwahi kuiota, na sasa aliiona waziwazi: kikombe kimoja, kiti kimoja, na harufu ya kuungua isiyo na mtu wa kuisema. Aliogopa sana.

Asubuhi alifungua friji. Jumapili jirani yao, mke wa seremala, alileta paja la nguruwe la kuoka, ngozi yake kavu ikilia chini ya kisu. Mgonjwa alilitazama mara moja akageuka. Kilichobaki kilikuwa kimeganda ndani ya mafuta yake meupe. Kulikuwa pia na jibini na mkate wa juzi. Mvuke akakumbuka jinsi mkewe alivyopenda zamani mkate wa moto wenye jibini inayovutika, anauma na kufumba macho, na ole wako umsemeshe.

Akawasha jiko. Jiko likapumua kidogo, likanyamaza. Mtungi wa gesi umekwisha.

Mtu mwingine angekwenda kuomba moto kwa jirani. Mvuke alisimama na kiberiti mkononi, macho yakaenda nyuma ya mlango, ilipoegemea meza ya kupigia pasi.

Akaikata nyama nyembamba sana. Akaweka jibini chini ya nyama na jibini juu, ishikamane vizuri, akapaka mkate siagi kwa nje. Akaufunga kwa kitambaa safi cha pamba, kile cha kukingia suruali za sufu. Pasi akaijaribu kwa kidole kilicholowa, akaisikiliza, akapunguza moto. Haya yote aliyajua. Kisha, kabla hajafikiri, mkono wake ukaingia kwenye bakuli la maji ukaunyunyizia mkate, kama ulivyonyunyizia mashati maisha yake yote.

"Haya," akajiambia, "bado kuuanika."

Akaweka pasi juu. Mvuke ukapanda ukielekea pazia, na ndani ya mwanga wa pazia ukakaa. Harufu ya nyama iliyoanza kulainika ikajaa chumba. Hapo jikoni pakamwondoka taratibu, akawa tena dukani. Nguo zilining'inia safu kwa safu, mikono ya mashati ikitikisika ingawa hapakuwa na upepo, na mbele yake, kaunta, msichana amempa mgongo. Shingo yake nyembamba. Mvuke alitaka ageuke. Hakuwa na haraka, alingoja tu, na nguo nazo zikangoja.

"Unaunguza."

Akainua pasi. Alidhani imetoka kulekule dukani. Lakini sauti ilikwaruza, na msichana hakuwa na sauti hiyo. Akageuka. Mkewe alikuwa mlangoni, shuka begani, mkono umeshika fremu, nywele zimelala upande mmoja.

"Mama, umeamka."

"Nguo gani hiyo inanuka nguruwe?"

Akafungua kitambaa. Mkate ulikuwa bapa kama bahasha, jibini imetoka pembeni, na katikati umechorwa alama nyeusi ya ncha ya pasi. Mkewe akajivuta hadi kwenye kiti, akaubonyeza kwa kidole.

"Mbona umelowa?"

"Niliunyunyizia."

"Umeunyunyizia maji mkate."

"Mkono umezoea."

Mkewe akatazama chini. Mabega yakaanza kumtikisika. Mvuke akakimbilia kikombe cha maji akidhani ni kikohozi, kumbe mwanamke anacheka, kicheko kisicho na nguvu, machozi yanamtiririka. Mvuke naye akalia, na hakujificha.

Mkewe alipangusa pale palipoungua, akauma pembe. Jibini ikavutika. Akafumba macho, lakini si kama alivyoyafumba wiki hizi. Mvuke hakumsemesha.

"Nilisikia ile simu," akasema baada ya kumaliza. "Mwambie mtoto aje kula, si kubeba mtu. Na apitie mtungi wa gesi." Akajifuta vidole. "Nyama ipo bado?"

"Ipo."

Akatengeneza wa pili. Safari hii akili ilikuwa ndani yote, aliona hadi nyuzi za kitambaa. Kwa mlio peke yake alijua mkate umeiva, umekuwa wa kahawia vizuri. Harufu ikaanza kubadilika. Mvuke akampa mkewe mgongo, akaiacha pasi palepale, akangoja.

"Unaunguza," akasema mkewe.