Mwanamke wa Chumba cha Nyuma

Nyumba tuliyohamia Izki ilikuwa ya udongo, imeshikana ukuta na za jirani kulia na kushoto, hata kichochoro kizima kilionekana kama nyumba moja ndefu iliyokatwa vipande. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa amehamishwa kazi kutoka Nizwa, na jamaa mmoja wa upande wa baba yake akatupa nyumba hiyo tuikalie mpaka tutakapojenga yetu. Zamani wakikaa pale wachimbaji wa falaji, watu waliokuwa wakishuka chini ya ardhi kuchimba na kusafisha mifereji inayotoa maji mlimani na kuyaleta kwenye mitende. Kazi hiyo ilikuwa imeshaingiwa na mashine na vibarua wa kigeni. Wenye kichochoro wengi walikwisha jenga nyumba za matofali kando ya barabara kuu.

Mimi nilizaliwa Kigoma. Nililetwa Oman nikiwa msichana wa shule, na mama yangu tukamwacha kaburini kule. Kiarabu nilikisoma, nikakiweza, lakini jikoni na kwenye hasira nilibaki na Kiswahili. Pale Izki sikuwa na wa kuzungumza naye Kiswahili isipokuwa mume wangu, na yeye alikuwa mtu wa kurudi kazini, kula na kulala.

Wiki ya kwanza nilikuwa nikisafisha stoo iliyo chini ya ngazi. Chini ya magunia yaliyooza nikakuta mbuzi ya kukunia nazi. Miguu yake ilikuwa imelegea na meno ya chuma yameliwa na kutu, lakini pale pa kukalia palikuwa laini, pameng'aa kwa kukaliwa. Niliishika nikashangaa. Izki haina mnazi hata mmoja. Nilimwonyesha mume wangu, akasema labda aliileta mtu kutoka Salala, kusini kwenye minazi. Nikamwambia ya Salala siijui, lakini hii naijua, ni ya kwetu.

Nyumba ya kushoto kwetu alikuwa akikaa bibi kizee peke yake. Wanawe walikuwa wamehamia nyumba mpya, yeye akakataa. Nilikuwa nimempa salamu za Kiarabu mara mbili tatu mlangoni. Siku hiyo nilimpelekea bakuli la mchuzi, na mbuzi nimeibana kwapani, nikamuuliza kama anaijua. Aliitazama, akaniambia kwa Kiswahili kitupu, "Wewe umeitoa wapi hii?"

Niliduwaa. Kisha nikapata akili, nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako."

Kiswahili chake kilikuwa cha Mjini Unguja, cha zamani, na changu cha bara kilimchekesha. Alizaliwa hapo hapo Izki, akaolewa katika nyumba ile ile akiwa mwari. Miaka mingi baadaye mumewe alimchukua Unguja, wakarudi baada ya mapinduzi. "Lakini Kiswahili sikujifundishia Unguja," akasema. "Nilikwenda nnacho. Alonifundisha ni mwenye mbuzi hiyo."

Hakunieleza yote siku moja. Kwa majira ya baridi yale nilikuwa nikimpelekea chakula karibu kila adhuhuri, naye akitoa kidogo kidogo. Nyumba yetu ilikuwa ya mchimbaji mmoja aliyekwenda Unguja ujanani kutafuta maisha, asiyapate, akarudi na mke. Mwanamke huyo hakuwa na mtu Izki nzima wa kusema naye. Bibi alikuwa bibi harusi wa juzi, naye hana mtu, kwao ni upande wa pili wa bonde. Wakawa wanaongea juu ya paa, huyu upande huu wa ukuta mfupi na yule upande ule, mpaka bibi akashika lugha.

"Na nazi akizipata wapi?" niliuliza.

"Hakuna nazi. Labda mtu aje nazo kutoka Sur, mara moja kwa mwaka. Akikalia tu hiyo mbuzi akipika. Alikuwa akisema hawezi kupika kama hakukaa juu yake."

Walipata mtoto mmoja, msichana. Alipokuwa meno ya mbele ya utoto ndiyo kwanza yanamng'oka, falaji ikamwangukia baba yake chini kwa chini. Walimchimbua wenziwe wa kichochoro kile kile. Mwaka haukupita, mama akaanza kukohoa. Ndugu wa mume wakamhamishia chumba cha nyuma, cha juu, na mtoto wakamkataza kupanda ngazi. Baadaye wakaona bora waondoe mtoto kabisa. Walikuwa na dada yao ameolewa Sur, wakampeleka huko.

"Mama akafa siku chache baada ya hapo," bibi alisema. "Mie nlimwosha, mie na mama mkwe wangu. Mtoto kaambiwa mama kasafiri, karudi kwao. Wakubwa waliniambia ninyamaze, nisije nikapeleka habari Sur mtoto akalia mpaka naye akaugua. Nikanyamaza. Nilikuwa mdogo, wallahi. Halafu nikaenda Unguja. Niliporudi sikujua yuko wapi."

Chumba hicho cha nyuma ndicho tulichokuwa tukilala. Sikuhama, lakini kwa muda mrefu nilikuwa nikiamka na kukitazama kidirisha chake, kidogo, karibu na sakafu, kama vilivyo vya nyumba za udongo. Nikamwambia mume wangu nataka kumtafuta yule msichana. Hakunicheka. Kazini kwake palikuwa na mtu wa Sur, na mama wa mtu huyo akasema anamjua mwanamke wa rika hilo, aliyelelewa na shangazi, wenyewe wakimwita Binti wa Izki mpaka leo na wajukuu keshapata.

Tulikwenda siku ya Alhamisi, kwa njia ya Ibra, tukafika kabla ya adhuhuri. Nyumba yake ilikuwa ndani ya mtaa wa zamani, ua mdogo uliofagiliwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Nilimwita khala, yaani mama mdogo, akanishika mkono akaniketisha. Tukazungumza Kiarabu. Binti yake alikuwa akimlisha mtoto uji pembeni, mtoto hataki. Khala akamchukua mjukuu wake, akamlisha vijiko viwili vya mwisho, akampangusa mdomo kwa kiganja, akasema, "Haya basi."

Nikamwomba arudie alichosema. Hakuelewa. Binti yake akacheka, akaniambia hilo ni neno la mama tu, tangu wao wadogo, akimaliza kukuosha au kukusuka lazima aseme hivyo. Halina maana.

"Lina maana," nikasema. "Ni Kiswahili."

Ndipo mwenyewe aliposema, bila kunitazama, "Basi litakuwa la yule mwanamke."

"Mama yako?"

"Aliyenizaa. Alirudi kwao Afrika baba alipokufa. Aliniacha kwa shangazi kama mtu anavyoacha mzigo. Shangazi ndiye mama yangu, Mungu amrehemu."

Mimi nilikuwa nimejua kwamba mtoto aliambiwa hivyo. Sikuwa nimefikiri hata kidogo kwamba mwanamke mzima, mwenye wajukuu, angekuwa bado anaamini. Nilidhani mtu fulani, wakati fulani, kwenye harusi au msiba, alikwisha mwambia. Mume wangu alinitazama. Nilitamani tungekuwa tumekuja kwa jambo jingine, tungekunywa kahawa tukaondoka.

Nikamwambia. Sikujua namna nzuri ya kusema, nikasema kama nilivyosikia kwa jirani: alikuwa mgonjwa, alifia chumba cha nyuma, siku chache baada ya wewe kuondoka, hakusafiri.

Alikuwa bado amempakata mjukuu. Akamtoa mapajani akampa binti yake.

"Nani kakwambia?"

"Jirani. Ndiye aliyemwosha."

"Yu hai?"

"Yu hai."

Akainuka, akaenda bombani pembe ya ua, akatawadha. Haukuwa wakati wa sala. Akaingia chumbani, mlango akauacha wazi kidogo, nasi tukakaa tukisikia kiyoyozi cha nyumba ya pili na mtoto akichezea kijiko. Alikaa sana. Alipotoka alileta kahawa mwenyewe na halua, akatumiminia, akatuuliza habari za barabara. Mlangoni, wakati wa kuagana, ndipo aliponivuta pembeni.

"Kila baada ya sala humwombea baba," akasema. "Humwombea shangazi. Yeye sijamwombea hata mara moja. Tangu utotoni. Nilikuwa nikilipita jina lake kusudi."

Nilimshika mkono tu.

Alikuja Izki mwezi uliofuata, mwanawe akimwendesha. Bibi nilikwisha mwambia, akavaa leso mpya, akakaa kwetu sebuleni tangu asubuhi akingoja. Walipoonana hawakukumbatiana. Bibi alimtazama usoni, kisha mikononi, akasema kwa Kiarabu, "Vidole vyake hivi." Yule mwingine akaviangalia vidole vyake mwenyewe.

Nikawapandisha chumba cha nyuma. Aliuliza maswali machache, kwa mpangilio, kama aliyekuwa ameyafikiri njiani. Alilala upande gani. Nani akimpa maji. Alikuwa akisema nini. Bibi akajibu moja moja, na pale Kiarabu kilipomkwama akasema Kiswahili, mimi nikafasiri.

"Nakumbuka siku niliyoondoka," Binti wa Izki akasema. "Nilipandishwa punda hapo chini, kichochoroni. Niligeuka nyuma. Nilitazama juu. Hapakuwa na mtu."

Bibi akanigeukia mimi badala yake, kwa Kiswahili. "Mwambie alikuwepo. Mwambie alikuwa hapo dirishani, kalala chini, maana kusimama hawezi. Mie nlikuwa nimemshika kichwa. Nlimwambia mwite mwanao, akakataa. Alisema akinisikia atagoma kwenda, na akibaki atakufa na mimi. Kajiziba mdomo kwa leso, asikohoe."

Nilifasiri.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akapiga magoti, akainama kwenye kidirisha, akatazama nje kichochoroni. Hapakuwa na kitu chini isipokuwa baiskeli ya mtu na tangi la maji. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa wote, lakini alisema kwa sauti ile ile ya chini, "Ningebaki na hasira yangu ingekuwa nafuu. Ile nilikwisha izoea."

Bibi akamwomba msamaha. Yeye akasema, "Ulikuwa mtoto na wewe." Akambusu kichwani. Sijui kama alimsamehe. Nadhani alikusudia kumsamehe.

Alasiri tukaenda makaburini, wote kwa gari la mwanawe. Makaburi ya Izki hayana majina, ni mawe tu yaliyosimamishwa, mawili kwa mwanamume na matatu kwa mwanamke. Bibi alikuwa akikumbuka mkunazi, na kwamba kaburi lilikuwa upande wa mlima wa mkunazi huo. Mkunazi ulikuwepo. Lakini upande wa mlima palikuwa na makaburi mawili ya mawe matatu, yamelala sambamba, na bibi akayazunguka akasimama kwa hili, akasimama kwa lile, mwisho akaniambia, "Nnaogopa kusema uongo." Binti wa Izki akakaa chini katikati ya yote mawili, akaomba dua yake hapo. Mwanawe alisimama mbali akiwa ameshika viatu vya mama yake.

Tangu hapo alikuwa akija kila majira ya baridi. Alipenda kufika asubuhi, tunywe chai, kisha apande chumba cha nyuma peke yake. Kitanda nilikwisha kihamisha, nikamtandikia mkeka. Sikumuuliza afanyacho kule. Wakati mwingine alishuka akaniuliza neno: maji Waswahili huyaitaje, mtoto humwitaje. Bibi alikufa mwaka wa tatu wa ziara zake, naye alikuja matangani akakaa pamoja na wana wa marehemu kama mmoja wao.

Katika miaka ya elfu mbili sisi tulijenga nyumba yetu huko nje, karibu na barabara ya Nizwa, tukahama. Ufunguo wa nyumba ya udongo nilibaki nao kwa ajili yake, mwenye nyumba akikubali. Lakini nyumba ya udongo isiyokaa mtu haivumilii, na kichochoro kile kilikwisha kuwa kitupu chote. Mwaka mmoja mvua zilikuja nzito, na ukuta wa nyumba ya bibi ukaanguka, ukavuta wetu, na paa la chumba cha nyuma likashuka. Nilikwenda kutazama. Nilisimama kichochoroni kwenye matope nikaona mbingu mahali palipokuwa na dari, na kidirisha kimekwenda na ukuta wake.

Nilichelewa kumpigia simu, nikaona mwanawe ndiye wa kuambiwa kwanza, lakini simu aliipokea mwenyewe. Nikamwambia.

"Chote?" akauliza.

"Chumba chote, khala."

Nikasema makaburini hapakuguswa na maji, mkunazi umesimama, akija baridi hii tutakwenda pamoja.

"Makaburini nakaa sijui nimekaa kwa nani," akasema. "Kule chumbani nilijua."

Hakuja baridi hiyo. Alikuwa ameanza kuumwa na miguu, mwanawe aliniambia, na safari ndefu ya gari inamchosha. Nilikwenda Sur mara mbili kumwona, tukakaa uani, akanionyesha wajukuu wapya, na habari za Izki hakuzitaja wala mimi sikuzitaja. Alipofariki, habari ilinifikia akiwa amekwisha zikwa. Tulikwenda matangani mimi na mume wangu, kwa njia ile ile ya Ibra. Binti yake alinikalisha karibu naye, akaniambia mama yao miaka ya mwisho alikuwa akikaa muda mrefu juu ya mswala kila baada ya sala, dua zake zimerefuka kuliko zamani, mpaka chakula kikipoa, na wao walikuwa wamezoea kumfunikia sahani.