Boti Tuliyoinywesha Maji

Mafuriko ya Elnino yalipoanza kupungua, kanisa letu lilikuwa na boti ya faiba, na kijiji chetu, kilicho chini ya Garsen kwa mwendo wa mto, hakikuwa na mbegu. Boti tulipewa na watu wema wa pwani wakati barabara zilipokatika, na kwa kuwa nilikuwa mzee wa kanisa, nilikabidhiwa ufunguo wa injini. Mbegu zetu zilikwenda na maji, ghala na yote. Ndugu zetu wa Ndera, waliojenga mahali palipoinuka, walikuwa wamenusuru mpunga wa aina ileile waliyopanda babu zetu. Wakasema watatugawia magunia mawili.

Gunia la kwanza nililiweka mwenyewe katika stoo ya mbele, chini ya sitaha, mahali ambapo mtu yeyote angedhani ni pakavu kuliko kanisani. Mvua ikatukuta njiani. Tulipolifungua, mpunga ulikuwa umelowa na kuvimba, na kabla hatujapata jua la kuuanika ukaanza kuchipua ndani ya gunia. Mashamba yalikuwa bado chini ya maji. Mbegu zile zikaoza, na waliofaidi ni bata wa jirani.

Likabaki gunia moja huko Ndera, la mwisho. Shamba la kando ya mto halingoji mtu: maji yakishuka, unapanda tope likiwa bichi, ukichelewa umechelewa mpaka mto ujae tena. Kwa hiyo stoo ile ilikuwa lazima ikauke.

Chanzo cha uvujaji hakikujificha. Vyuma vya kufungia kamba, na miguu ya reli ya kushikia, vilikazwa kwa bolti zilizotoboa sitaha mpaka ndani. Gundi iliyokuwa chini yake ilikuwa imekauka na kupasuka, na maji yakifuata bolti kama mbuzi wanaojua njia ya nyumbani.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa fundi wa mitumbwi, na mkono wake hauna doa. Aliizunguka boti, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akatoa hukumu. Boti hii, alisema, ilikaa juani Garsen muda mrefu, imepasuka kwa kiu. Huku kwetu hakuna asiyelijua jambo hilo. Mtumbwi ukikaa nchi kavu mti hupasuka, na dawa yake ni kuujaza maji na kuuzamisha kando ya mto mpaka mti unywe, uvimbe, nyufa zijifunge zenyewe. Wazee wote wakakubali, na mimi pia niliona ni maneno yenye akili. Tukaijaza boti ya kanisa maji kwa ndoo na sufuria mpaka ikakaa kitako matopeni, tukaiombea, tukaenda kulala.

Asubuhi tukayatoa maji. Faiba ilikuwa vilevile ilivyokuwa jana, haikunenepa hata kidogo. Ila chini ya sitaha, penye bolti, walioitengeneza walikuwa wameficha mbao za plaiwudi, na hizo ndizo zilizokunywa. Sasa boti ilivuja hata mvua isiponyesha.

Wakati ule palikuwa na mzee Muorma, rafiki yetu wa siku nyingi, aliyekuwa akinywesha ng'ombe wake kwenye bandari yetu na kubadilishana nasi maziwa kwa nafaka. Alisimama na fimbo yake mabegani, akatazama maji yakichuruzika kwenye bolti.

"Nimesikia mmenywesha boti," alisema.

Shemeji akamjibu kwamba ndivyo.

"Mngeniambia, ningeileta pamoja na ng'ombe. Sasa imeshiba? Maana naona inakojoa."

Watu wa mto na watu wa ng'ombe tumetaniana tangu zamani, na utani wa kweli haujibiwi kwa hasira. Shemeji alimwambia tu kwamba ndama wake mmoja ana macho ya akili kuliko mwenyewe, akaendelea kupangusa.

Ndipo nikakumbuka maneno ya nahodha aliyetuletea boti. Alikuwa ametuachia gundi nyeupe ya mpira, ile inayokamuliwa kama dawa ya meno, akasema siku chuma kitakapovuja tukifungue, tusafishe tundu, tukaushe kabisa, tupake, kisha tukaze kidogo tu kwa vidole. Gundi ikishakuwa mpira, hapo ndipo spana ifanye kazi. Ukikaza yote siku ileile, alisema, gundi yote hukimbilia nje na chini ya chuma hakibaki kitu.

Tukafungua vyuma vyote. Tukawa na boti inayokauka na shamba linalokauka, na hivyo viwili havikuwa marafiki. Kila asubuhi shemeji alikwenda shambani akakanyaga tope kwa kisigino kuona kama bado linatoa maji, halafu akaja kutia kidole katika matundu ya boti. Shamba lilikuwa likimshinda mbio. Mimi niliomba jua kwa ajili ya boti, naye, nina hakika, aliomba wingu kwa ajili ya shamba. Mke wangu alituambia tukubaliane kwanza, tusimchanganye Mungu.

Mbao zilipokauka tulisugua matundu kwa msasa, tukapaka gundi, tukarudisha vyuma mahali pake. Nikazungusha nati kwa vidole, nikaketi juu ya mfuko wa spana.

"Shemeji, nipe spana," aliniambia.

"Bado."

"Tope linaanza kushika. Leo kisigino changu kimetoka kikavu upande wa juu wa shamba."

"Na gundi bado ni uji. Kesho."

"Jumapili ulituhubiria habari ya kungoja. Nikadhani ni habari ya mbinguni."

"Ni habari ya bolti pia."

Alicheka bila kutaka, akaketi karibu yangu. Naamini alitaka kuwa jirani na ule mfuko.

Kesho yake gundi ilinesa chini ya kidole kama soli ya ndara. Nikampa spana, naye akakaza kila nati kwa mkono wa fundi, robo baada ya robo, bila pupa. Kisha mke wangu alinyunyiza majivu ya jikoni ndani ya stoo, tukamwaga maji juu ya kila chuma, kimoja baada ya kingine. Majivu yalibaki majivu. Tukaondoka siku ileile kwenda Ndera.

Tukirudi, mvua haikutuhurumia. Ilipiga sitaha mpaka hatukusikiana. Mimi nilishika usukani, na shemeji alikaa juu ya kifuniko cha stoo njia nzima, amekunja magoti, kama kuku juu ya mayai. Nilimwambia makalio yake hayakuwamo katika maagizo ya nahodha. Akasema ni nyongeza ya fundi.

Bandarini watu walikuwa wakingoja, na mzee wa ng'ombe miongoni mwao. Shemeji alikata uzi wa gunia, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akainua konzi ya mpunga mbele ya uso wake. Vumbi likampanda puani. Akapiga chafya, akapiga tena, machozi yakamtoka.

"Mbegu iliyolowa haipigishi mtu chafya," alisema mzee wa ng'ombe.

Upande wa juu wa shamba ulikuwa umeshatukimbia, lakini upande wa chini tope lilikuwa bado likinasa mguu, na huko tulipanda wote hadi giza likaingia, tukimshukuru Mungu kwa kilichobaki. Mpunga ule ulitoka. Siku ya shukrani ya mavuno shemeji alileta wa kwake kanisani ndani ya ungo, na kabla hajauweka mbele aliuinamia, akauvuta kwa pua, akanitazama, akangoja chafya.