Mfupa wa Kilugha

Nyinyi mliosoma nami enzi zile Kitengela ikiwa vumbi na nyumbu, mnaukumbuka ule mfupa? Msiniambie mmesahau! Mfupa wa ng'ombe, umetobolewa na kutiwa kamba. Tuliuita disiki. Ukipatikana ukiongea kilugha, lugha ya kwenu nyumbani, unavalishwa shingoni, na jioni paredi unacharazwa mbele ya shule nzima.

Utoto wetu ulikuwa mtamu, sikatai. Tuliruka bladda, ile kamba ya mpira, mpaka sketi zikapasuka, tukacheza kati, tukikwepa mpira nyuma ya darasa huku nyumbu wakipita ng'ambo ya ua. Tulitafuna kangumu, zile keki kavu zilizotaka kutung'oa meno, tukateremsha na maziwa ya kibuyu kwa jirani zetu kina Naserian, yananukia moshi. Watoto wa siku hizi wakinusa moshi wanafungua dirisha. Lakini kila nikikumbuka huo utamu, mfupa unanikwama kooni.

Asubuhi moja ya baridi, mama alikuja kwenye ua wa shule kuniletea sweta. "Mulembe," akanisalimia, vile alivyotusalimia kila siku. Nikajibu, "Mulembe, mayi." Kiranja alikuwa nyuma yangu. Mama akasimama pale pale akiona binti yake anavalishwa mfupa kwa kumjibu mzazi salamu. Kuanzia jioni hiyo alituongelesha Kiswahili tu, kile chake cha kuungaunga: "Nyinyi kuja kula." Alikiacha Kibukusu chake ili mimi nisichapwe.

Leo mama ni mzee, anakaa nami hapa Noonkopir, mtaa wa Kitengela. Uzee umemnyang'anya Kiswahili chote, amebaki na Kibukusu. Nami Kibukusu changu kiliishia kwa salamu.

Sasa Jumamosi binti yangu Nekesa akanivuta hadi tamasha la muziki wa Kiselti, muziki wa watu wa Skotlandi na Ayalandi, kwa bustani ya hoteli hapa hapa Kitengela. Wanaume wazima wamevaa sketi, wanapuliza zumari zenye mifuko. Nekesa akarusha miguu mpaka akalowa jasho. Huyu huyu ambaye ngoma za isukuti zikilia kwa harusi za kwetu ananiambia, "Mum, hizo ni za washamba." Haya basi.

Kisha mwimbaji mmoja mwenye mvi akatuambia wimbo unaofuata ni wa lugha ya nyanya yake. Kwamba huko kwao, mtoto aliyeiongea shuleni alivalishwa kipande cha mti shingoni na kuchapwa.

"Woiye!" watu wakasema. Nekesa akapangusa machozi.

Damu ilinichemka. Yaani kitu kilichowaliza watoto wao, mtu akakifunga kwa mzigo akatuletea! Na walimu wetu wenyewe, wana wa mama zetu, wakakipokea wakakitafutia mfupa!

"Unalilia nyanya wa wenyewe," nikamwambia Nekesa. "Wako je?"

"Kwani kukhu alifanyiwa nini?"

Nikamwambia yote njiani, kwa kelele, bila kujali nani anasikia.

Tulipofika nyumbani akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mulembe, kukhu."

Uso wa mama ukachangamka wote. Akamshika mkono, akaongea, akacheka, akaongea tena, kisha akauliza jambo, akitutazama.

Nekesa akanigeukia. "Mum, anauliza nini?"

Zamani tulichapwa kwa kuongea. Siku hizi hakuna anayetuchapa, na mama alikuwa bado anangoja jibu.