Ndege Imetoka, Inakwenda Wapi?

Siku yangu ya kwanza kazini, kiwanja cha ndege cha Lodwar, nilikabidhiwa fimbo ya kufukuza mbuzi. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa mfukoni, nikingoja kuulizwa.

"Mbuzi hawasomi," akasema Msimamizi wa Kiwanja. "Kimbiza."

Mchana akanionyesha soksi ya upepo, lile gunia refu la rangi linaloning'inia mlingotini. "Upepo huitwa kwa kule unakotoka. Ukimsukuma rubani, anawahi, ukimkabili, anachelewa. Umbali haubadiliki, kijana. Muda ndio kigeugeu."

Nikakariri. Lodwar hadi Kakuma, ndege ndogo, dakika ishirini na kitu. Lodwar hadi Nairobi, karibu saa mbili. Niliyatamka kama msafiri mkubwa, mimi ambaye hadi leo sijapanda ndege, na nikilala nje ya kitanda changu naamka na homa. Kuhamishiwa redio ya kiwanja cha Kakuma niliona nimepelekwa ng'ambo.

Huko ndiko ilikotokea. Mama mmoja Mkongomani, mkimbizi wa kambini, alishindwa kujifungua, akahitaji kupasuliwa Lodwar. Ndege iliombwa, na gari la wagonjwa likangoja huku linanguruma, tayari kwenda kwa barabara ndege ikikosekana, maana wingu lilishatanda milimani. Laga, ule mto mkavu unaokata njia, ikijaa, barabara imekufa.

Redio ikakoroma: "Kakuma, ndege imetoka."

"Imepokelewa," nikajibu. Mkubwa wangu wa Kakuma, Ofisa wa Zamu, akamwashiria dereva: "Zima. Ndege imetoka."

Mume wa yule mama alisimama dirishani kwangu. "Papa, ndege itafika saa ngapi? Bibi yangu anachoka."

"Dakika ishirini na kitu," nikasema, na kwa sauti ya kujivunia.

Zikapita. Zikapita tena. Ofisa akanyakua redio. "Lodwar, ndege iko wapi?"

"Si tuliwaambia imetoka? Imetoka kwenda Nairobi. Yenu bado, inasubiri rubani."

Gari likawashwa. Lilipofika lagani, maji yalikuwa kifuani mwa ngamia. Mama na mtoto walifia ukingoni, mume ameshika chupa ya dripu.

Msimamizi alikuja kutoka Lodwar kwa barabara, baada ya maji kupungua. Hakumgombeza mtu. "Upepo uiteni kwa unakotoka," akasema. "Ndege iiteni kwa inakokwenda." Tangu siku hiyo, hakuna aliyeruhusiwa kusema "imetoka" peke yake.

Sasa nimestaafu, nimeganda nyumbani Lodwar kama nilivyotaka. Mke wangu akinipigia kusema ametoka sokoni, nauliza, "Unakwenda wapi?"

"Wee mzee, mimi si ndege!"

Yule mume bado anaishi Kakuma, anashona nguo. Akija Lodwar hupita hapa kwangu. "Ejok, papa," hunisalimu kwa Kiturkana, nami huitika, "Ejok noi." Siku ya mazishi, nyuma ya gari, tukipita kando ya kiwanja, aliniuliza kutoka Lodwar mpaka Kakuma ni dakika ngapi kweli. Jibu nililijua tangu siku yangu ya kwanza kazini. Nikatazama soksi ya upepo. Ilikuwa imelala, hakuna upepo wa kusingizia.