Kansa ya baba: kisu ndicho kiliisambaza, au ilikuwa imeshahama?

Salaam wakuu. Hiki ni kisa cha nyumbani kwetu Tanga, sijaongeza chumvi, na nakiandika nikiwa nimechanganyikiwa kweli.

Turudi miaka ya themanini, zile enzi za ruksa ya biashara zinaanza. Madukani sabuni imeanza kuonekana, lakini hospitali hali bado tete. Ukipasuliwa, glovu na nyuzi za kushonea unaleta mwenyewe.

Mzee wetu alikuwa anaumwa tumbo, choo kinatoka na damu. Daktari akasema ana uvimbe kwenye utumbo mpana, apasuliwe upesi.

Mama akakataa katakata. Tulikua tukisikia kwamba uvimbe ukiguswa na kisu, upepo unaingia na ugonjwa unatawanyika mwili mzima. Akampeleka mzee kwa shehe, akawa ananyweshwa kombe, yale maandishi ya zafarani yanayooshwa kwa maji. Miezi ikapita. Simcheki mtu hapa, hata mimi niliamini.

Mzee akakonda vibaya. Kaka yangu Abdi, mkubwa wetu, akavuka mpaka wa Horohoro hadi Mombasa, akarudi na glovu na nyuzi. Akaridhia upasuaji bila kumuuliza mama.

Wiki chache baada ya kupasuliwa, macho ya mzee yakawa manjano. Akafariki.

Mama akamwambia Abdi mbele ya watu matangani, "Baba yako umemuua wewe. Umemtia upepo."

Tangu hapo mama hajakanyaga kwa Abdi kule Pongwe. Idi zote anakula kwangu. Abdi huja kumwamkia, mama anaitikia marahaba, basi.

Sasa juzi nilikwenda kupimwa tumbo, nikamuuliza daktari hili suala la upepo. Akacheka kidogo, kisha akanifafanulia. Seli za utumbo zimeshikana kwa protini fulani, wenyewe wanaziita cell adhesion molecules. Kwenye kansa ule mshiko hulegea. Seli inachomoka, inaingia kwenye damu, na damu ya utumbo hupita kwenye ini kwanza. Huko inapata mshiko mwingine, inajipachika, inaota.

Hapo nikapotea kabisa. Inaachia huku, halafu inashika kule? Nilimuuliza tena na tena, bado sijaelewa vizuri. Wenye fani mtanisaidia. Ila moja nililidaka: kwa jinsi nilivyomweleza, ini la mzee huenda lilishaingiliwa kabla ya kisu.

Nikaenda Pongwe mbio, nina furaha, nikampe kaka habari. Hakushtuka. Akasema daktari aliyempasua mzee alimwambia siku ile ile kwamba walipofungua, ini lilikuwa limeshajaa uvimbe.

Nikamuuliza kwa nini basi amebeba lawama miaka yote hii.

"Ningesema ilisambaa kabla ya kisu, mama angejiuliza ilisambaa lini," akasema. "Na wewe unajua ni lini. Mwache mama."

Ile miezi ya kombe, wakuu. Nililia kama mtoto.

Nilichojifunza ni kwamba tumbo lenye dalili mbaya halingojwi, wahini hospitali. Lakini hilo limeshapita kwetu, na kilichobaki ndicho kinachoniumiza kichwa. Nikisema, namsafisha kaka na kummaliza mama, na mama ni mzee sana sasa.

Jana ameniusia kwamba akifa, Abdi asimshushe kaburini.

Wakuu, mngekuwa mimi mngesema?