Picha Iliyochanika na Mikono ya Dada

Walimwita Profesa kwa sababu alikujibu kabla hujamaliza kuuliza. Alitengeneza kompyuta katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kwenye meza moja yenye taa ya kuinama na makopo ya skrubu yaliyopangwa kwa ukubwa. Kwa miaka ishirini hakuna mteja aliyemsikia akisema "sijui".

Dada yake mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani. Kiharusi kilipompitia upande wa kulia kilimwachia uhai lakini kikamlegeza vidole. Mtaalamu wa mazoezi akasema vidole vipewe kazi kila siku. Profesa akakusanya vipuri vikuukuu, akaunda kompyuta, akaipeleka nyumbani kwa Dada, akaweka gemu ya mbio za magari na usukani wa plastiki.

Dada akanogewa. Kila alipomaliza mzunguko aliandika muda wake kwa chaki ya kushonea kwenye mlango wa chumba chake. Alianza na dakika tatu na nusu. Baada ya miezi miwili akafika dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Mezani palikuwa na kitambaa cheupe cha gauni la harusi la mpwa wao, na Dada alikuwa amejiapiza: akishuka chini ya dakika moja na sekunde hamsini, atashika mkasi akikate.

"Wifi, kwa uendeshaji huo leseni utapewa na nani?" mke wa Profesa alimtania.

"Wewe uliyeshindwa na baiskeli ndiye wa kuniuliza mimi?"

Siku moja Dada akalalamika. "Profesa, picha yako inachanika. Uzio juu uko huku, chini uko kule."

Hilo Profesa alilijua. Kioo huchora picha mara sitini kwa sekunde, toka juu kwenda chini. Kompyuta nayo hutuma picha mpya wakati wowote inapoimaliza. Ikiituma wakati kioo kiko katikati ya kuchora, juu inabaki picha ya zamani na chini inaingia mpya, na uzio unaonekana umekatwa. Dawa yake ni kufuli moja, kitufe tu ndani ya gemu, linaloilazimisha kompyuta ingoje kioo kimalize zamu yake. Akaliwasha. Uzio ukawa mzima, akaenda zake bila kugusa usukani.

Kesho yake Dada alimaliza kwa dakika mbili na sekunde tano. Keshokutwa mbili na kumi.

"Hii mashine ina kitu," alisema. "Nakata kona, gari linafikiria kwanza."

"Mashine iko sawa," Profesa akajibu kabla hajamaliza. "Ni mkono wako, Dada. Tukubali tu."

Dada akautazama mkono wake kama mtu aliyesalitiwa. Alijaribu wiki moja zaidi, kisha akampa mkasi wake fundi mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, na kitambaa cha harusi juu yake. "Njoo uondoe hiyo gemu," akamwambia mdogo wake. "Inanisimanga."

Alipokwenda kuiondoa, Profesa alijaribu mzunguko mmoja, mara yake ya kwanza. Alikata kona na gari likachelewa kumsikia. Akawasha hesabu ya picha pembeni mwa kioo: thelathini kwa sekunde. Akafungua lile kufuli: picha hamsini na mbili. Ile mashine ya vipuri haikuweza kumaliza picha ndani ya zamu moja ya kioo, hivyo kila ilipochelewa kidogo ilibidi ingoje zamu nzima nyingine. Picha zilipungua, na mkono wa Dada ukabebeshwa lawama.

Dada akaingia. Hapo ndipo angesema ukweli. Badala yake alimwachia kiti. "Hebu jaribu mara ya mwisho."

Dakika moja na sekunde arobaini na tisa. Dada akafunika uso kwa viganja vyote viwili. "Mungu amenirudishia mikono yangu," alisema akilia. "Jumapili nitashuhudia."

Profesa akazima mashine, akaiacha gemu humo humo.

Jumapili Dada alisimama mbele ya waumini, akainua mkono wa kulia, akashuhudia. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mchungaji akasema, "Na ndugu yake aliyemletea mashine asimame tumwone!" Profesa akasimama. Alipigiwa makofi huku akitazama viatu vyake, na mkewe akamsukuma ubavuni: "Tabasamu basi, unatuaibisha."

Nyumbani, Dada alikuwa bado anafungua kitambaa cha kichwani Profesa alipomweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Siku ile uliposema ni mkono wangu, ulikuwa umeugusa huo usukani?"

"Hapana, Dada."

"Na leo uliposimama kupigiwa makofi?"

"Leo nilikuwa najua."

Dada akakunja kitambaa mara nne, taratibu. "Basi Jumapili ijayo utasimama wewe. Mimi siwezi kumsingizia Mungu kazi ya kitufe chako."

Jumapili hiyo Profesa alisimama. Alieleza kioo, zamu na kufuli, na bibi mmoja wa benchi la mbele akauliza, "Kwa hiyo kioo kilichanika, kikapona?" Watu wakacheka. Profesa akarudia toka mwanzo, na safari hii akasema na lile alilotaka kuliruka: kwamba alimwambia dada yake mkono wake umekufa kwa sababu hakutaka kusema "sijui". Hakuna aliyepiga makofi.

Mkasi ulirudi. Dada alikata gauni la mpwa wao kwa siku sita, mstari ukiyumba kidogo kiunoni, na lilivaliwa. Kiharusi cha pili hakikumpa nafasi.

Baada ya maziko, mke wa Profesa alitaka ule mlango wa chumba cha Dada upigwe rangi. Profesa akaja na brashi, akasoma chaki toka juu. Pale kwenye zile siku mbaya, dakika mbili na tano, mbili na kumi, hadi ya mwisho, Dada alikuwa amechora mabano makubwa na kuandika pembeni kwa mkono wake wa kulia: "Hizi ni za Profesa."

Aliiweka brashi chini. Mlango ule haujapakwa rangi hadi leo.