Dawa Iliyonilaza

Kusema kweli, dawa ile ilikuwa nzuri, na hilo njo linaloniuma mpaka leo.

Uzazi wangu wa kwanza, hapa hapa hospitali ya Kalemie, walinipasua na ganzi ya sindano ya mugongo peke yake. Ganzi ilipoisha nililia mpaka wamama wa vitanda vingine wakanicheka. Kwa hiyo mara ya pili, infirmye, muuguzi mwenye kupiga ganzi, aliponiambia, "Mama, siku hizi tunachanganya na dawa ya kutuliza, utapumzika, na maumivu yatachelewa kufika," nilimujibu, "Papa, changanya hata mbili!"

Walinipasua asubuhi. Nilisikia mutoto analia, sauti ndogo, ya kukatika-katika. Pazia lilikuwa mbele ya macho yangu, sikumuona. Niliomba wanionyeshe. Wakasema hapumui vizuri, wanamupeleka kwanza kwenye oksijeni, halafu wataniletea. Nikasema sawa. Macho yalikuwa mazito. Nikalala. Ee, nililala kama muntu asiye na shida duniani!

Nilipoamuka jua lilikuwa limeshuka. Nilishika tumbo: hakuna maumivu. Nikafurahi, mujinga mimi. Nikamuuliza mama mukwe, aliyekaa kwenye mukeka kando ya kitanda, "Mutoto iko wapi?"

Akafunga kitenge chake upya kiunoni. Akaniambia alikufa kabla ya saa sita, na wamama wa kanisa walishamuzika. Kwetu mutoto mudogo vile akikufa, halali ndani ya nyumba. Wamama wazee wanamubeba, wanamuzika haraka, kilio hakuna. Hilo ninalijua. Lakini muzazi anamushika kwanza! Jirani yangu wa kitanda alipoteza wake wiki ile ile, na walimupa akamushika, kwa sababu alikuwa macho, analia na maumivu ya kidonda chake.

"Kwa nini hamukuniamusha?"

"Ulikuwa unalala muzuri, mwanangu. Tulikuonea huruma."

Huruma gani hiyo! Nilimutukana. Mama mukwe wangu, nilimutukana, na sijajuta. Infirmye naye akapita kuniuliza kama ninasikia maumivu. Nikasema hapana. Akaandika kwenye karatasi yake, akaenda zake na furaha.

Mama mukwe anasema mutoto alifanana na bwana yangu. Dada yangu, aliyekuwapo siku ile, anasema ni mimi kabisa, pua na paji la uso. Wanabishana mbele yangu, maana wao njo walimuona, si mimi.